Ngao ya Hisani: Habari za Mchezo Uliochezwa kwa Ajili ya Maskini



Katika mkutano mkuu uliopita lilitolewa shauri kwamba chama chetu kiwe na mchezo mmoja wa mpira kila mwaka, na mapato yake yaingie katika mfuko wa karo na ule wa maziko. Shauri hilo lilipendwa na vijana, na wazee wengi pia. Ndipo mzee mmoja alipoinuka akatukumbusha mchezo tuliouandaa miaka ya nyuma kwa nia hiyo hiyo. Siku ile uwanja ulijaa hata watoto wakapanda mitini, lakini fedha zilizomfikia mweka hazina hazikulingana na watu tuliowaona kwa macho yetu. Hakushtakiwa mtu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hesabu ya tiketi. Watoto yatima waliokusudiwa walinunuliwa sare za shule, na karo ikabaki kama ilivyokuwa. Basi shauri likaahirishwa, nasi tukaagizwa kutafuta habari za wenzetu waliotutangulia katika kazi ya kuchangisha fedha kwa mpira.

Tumezitafuta, na tumeona kwamba habari yenye mafunzo mengi kwetu ni ile ya Ngao ya Hisani ya Uingereza. Huu ni mchezo wa kufungua msimu baina ya mabingwa wa ligi na washindi wa kombe, na nchi nyingi zilizo na mchezo wa namna hiyo huuita Super Cup. Wengi wetu tumewahi kuusikia redioni au kuutazama. Wachache wanajua kwamba tangu siku yake ya kwanza mchezo huu ulikuwa wa kukusanyia wahitaji fedha, na kwamba baada ya miaka zaidi ya tisini ulivuliwa jina lake kwa sababu ya hesabu.

Mwanzo wake ni mwaka 1898. Sir Thomas Dewar, mfanyabiashara wa wiski ambaye pia alikuwa amepata cheo cha Sherifu wa London, alitoa ngao kubwa ishindaniwe kila mwaka na timu mbili: moja bora katika timu za wachezaji wa kulipwa, na moja bora katika zile za wachezaji wa ridhaa, yaani wachezao bila mshahara. Mapato yalikwenda hospitalini na kwa wahitaji wengine.

Yafaa tueleze kwa nini jambo hilo lilivuta watu. Kulipwa kwa wachezaji kuliruhusiwa Uingereza mwaka 1885, na tangu hapo palikuwa na baridi baina ya pande hizo mbili. Wa ridhaa, wengi wao wakiwa waungwana waliotoka katika shule kubwa, waliona kwamba mshahara umeuchafua mchezo. Wa kulipwa, wengi wao wakiwa watoto wa wafanya kazi wa viwandani na migodini, waliona kwamba asiyelipwa ni yule tu ambaye njaa haijui. Klabu ya Corinthian, ambayo ndiyo ilikuwa fahari ya wa ridhaa, ilijiepusha na makombe na zawadi kabisa. Lakini ilipoitwa kucheza kwa ajili ya wahitaji ilikubali. Mchezo wa kwanza ilicheza na Sheffield United huko Crystal Palace, wakatoka bila bao. Waliporudiana wakatoka bao moja kwa moja, na ngao ikawa ya wote wawili. Asidhani mtu kwamba waungwana hao walikuwa wa kuonewa huruma. Mwaka 1903 Bury ilichukua Kombe la FA kwa kuifunga Derby County mabao 6 kwa bila. Mwaka uliofuata Corinthian ikaipiga Bury hiyo hiyo mabao 10 kwa 3 katika ngao ya Sherifu.

Mambo yaliharibika mwaka 1907. Chama cha Mpira cha Uingereza, FA, kilivitaka vyama vyote vya majimbo vipokee klabu za kulipwa. Baadhi ya watu wa ridhaa walikataa, wakajitenga na kuunda chama chao wenyewe. Upande mmoja wa ule mchezo ukawa haupo tena. FA ikaona isiiache kazi ya hisani ife kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, ikaanzisha ngao yake yenyewe mwaka 1908. Hapa tunaomba wazee watulie kidogo, maana nasi tumewahi kuwa na vyama vilivyogawanyika, na mara nyingi jambo la kwanza kufa lilikuwa ule mfuko wa wajane.

Mchezo wa kwanza wa ngao mpya ulichezwa tarehe 27 Aprili 1908 katika uwanja wa Stamford Bridge. Manchester United, mabingwa wa Daraja la Kwanza, walikutana na Queens Park Rangers, mabingwa wa Ligi ya Kusini. Walitoka bao moja kwa moja, wakarudiana tarehe 29 Agosti, na Manchester United wakashinda mabao 4 kwa bila, matatu yakiwa ya Jimmy Turnbull. Mwaka 1910 Brighton & Hove Albion, klabu ya mji wa pwani usiokuwa na sifa katika mpira, iliifunga Aston Villa bao moja kwa bila. Mwaka 1911 Manchester United iliishinda Swindon Town mabao 8 kwa 4, na mtu mmoja, Harold Halse, akafunga sita peke yake. Mabao kumi na mawili katika mchezo mmoja wa ngao hayajapata kuonekana tena.

Lakini kwetu sisi wa chama cha kusaidiana, mwaka ulio mkubwa ni 1912. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili mwaka huo meli ya Titanic ilizama katika bahari ya Atlantiki, na watu zaidi ya 1,500 wakafa. Wengi wao walikuwa mabaharia na watumishi wa meli, watu wa mshahara mdogo, walioacha wake na watoto bandarini Southampton. Tarehe 4 Mei, yaani kabla ya wiki tatu kutimia, Blackburn Rovers na Queens Park Rangers walicheza ngao katika uwanja wa White Hart Lane. Blackburn walishinda mabao 2 kwa 1, na mapato yakapelekwa katika mfuko wa waliofikwa na msiba ule. Hawakungoja mkutano wa mwisho wa mwaka. Kila aliyelipa mlangoni alijua shilingi yake inakwenda kwa nani, kwa kuwa jina la Titanic lilikuwa midomoni mwa kila mtu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ngao iliyumba-yumba, haikuwa na kanuni moja. Mwaka 1920 waliocheza walikuwa mabingwa wa Daraja la Kwanza na wale wa Daraja la Pili. Mwaka 1921 kwa mara ya kwanza mabingwa wa ligi, Burnley, walikutana na wenye kombe, Tottenham Hotspur. Tottenham wakashinda 2 kwa bila. Kisha wakarudia desturi ya kuchagua kikosi cha wa kulipwa na kikosi cha wa ridhaa, na mwaka 1925 wa ridhaa wakawafunga wenzao 6 kwa 1, wakarudia mwaka uliofuata kwa 6 kwa 3. Mwaka 1927 Cardiff City, waliokuwa wamelichukua Kombe la FA na kulipeleka Wales, waliishinda Corinthian 2 kwa 1. Ni tangu mwaka 1930, Arsenal ilipoifunga Sheffield Wednesday 2 kwa 1, ndipo mtindo wa mabingwa wa ligi kwa wenye kombe ulipokuwa desturi, ingawa hata baada ya hapo mara moja moja uliachwa. Mwaka 1950, kwa mfano, kikosi cha Uingereza kilichokwenda Kombe la Dunia kilicheza na kikosi cha FA kilichotembelea Kanada. Mwaka 1961 Tottenham walikuwa wameshika ligi na kombe pamoja, wakapangiwa kikosi cha FA, wakakishinda 3 kwa 2.

Tangu mwaka 1959 mchezo huu ukawa wa kufungulia msimu mwezi wa Agosti. Palikuwa na desturi nzuri siku hizo: timu zikitoka sare hazikupigishwa penalti. Kila moja ilikaa na ngao miezi sita. Mwaka 1967 pale Old Trafford, mlinda mlango wa Tottenham, Pat Jennings, aliupiga mpira kutoka katika eneo lake mwenyewe; ukaruka, ukadunda mbele ya mlinda mlango wa Manchester United, Alex Stepney, ukampita juu na kuingia golini. Mchezo ulikwisha mabao 3 kwa 3 na ngao ikagawanywa. Wazee watakubali kwamba mchezo wa hisani ukiisha hivyo si vibaya, wala hapana anayerudi nyumbani na uchungu.

Tatizo la miaka iliyofuata lilikuwa jingine. Klabu kubwa zilianza kuona mchezo wa maskini kuwa usumbufu. Mwaka 1971 Arsenal, waliokuwa na ligi na kombe, walikuwa tayari wamepanga safari nyingine. Wakacheza Leicester City na Liverpool. Mwaka 1972 mabingwa wa ligi, Derby County, na wenye kombe, Leeds United, wote hawakucheza. Nafasi zao zikachukuliwa na Manchester City, ambao hawakuwa na taji lolote mwaka huo, na Aston Villa, mabingwa wa Daraja la Tatu. Mwaka 1973 ikawa vivyo hivyo: mabingwa hawakuwapo wala wenye kombe, wakacheza Burnley na Manchester City. Kila mwenye uzoefu wa kuchangisha anaijua hali hii. Asiyekuja ni yule ambaye jina lake ndilo lingejaza uwanja, naye daima ana udhuru mzuri.

Ted Croker, katibu wa FA, aliona kwamba mambo yakiachwa hivyo ngao itakufa. Akaamua mchezo uchezwe Wembley, uwanja mkuu wa nchi, na wachezao wawe mabingwa wa ligi na wenye kombe. Tarehe 10 Agosti 1974 wakaingia uwanjani Leeds United na Liverpool mbele ya watu wapatao 67,000. Bill Shankly, aliyekuwa ameacha kazi ya kuiongoza Liverpool, aliitangulia timu yake kwa mara ya mwisho. Leeds waliongozwa na Brian Clough, aliyekuwa mgeni kwao na asiyependwa. Mchezo huo wa hisani ukageuka ugomvi. Billy Bremner wa Leeds na Kevin Keegan wa Liverpool walipigana, mwamuzi akawatoa wote wawili, nao wakavua fulana zao na kuzitupa chini walipokuwa wakitoka. Walitozwa faini, wakafungiwa wasicheze kwa wiki kadhaa. Mchezo ulikuwa 1 kwa 1, zikapigwa penalti, na mlinda mlango wa Leeds, David Harvey, alipojitokeza kupiga akakosa. Ian Callaghan akaifungia Liverpool ile ya ushindi. Pamoja na aibu hiyo yote, mpango wa Croker ulifaulu. Tangu mwaka huo klabu kubwa hazikuweza tena kuidharau ngao, na mapato yake yakakua.

Kukua kwa mapato ndiko kulikoleta jambo tunalotaka wanachama walitafakari zaidi ya mabao yote tuliyoyataja. Uingereza na Wales zina Tume ya kusimamia mashirika yote yanayochangisha fedha kwa jina la hisani. Tume hiyo iliangalia ngao na kuuliza maswali ya kawaida kabisa: mtu anunuapo tiketi, ni sehemu gani ya bei inayokwenda kwa wahitaji, na hufika lini? Ikaonekana kwamba FA haikuwa imewaambia wanunuzi ni kiasi gani cha fedha zao ni cha hisani, na kwamba malipo kwa mashirika yaliyokusudiwa yalicheleweshwa. Sheria ya nchi ile haikubali. Basi mwaka 2002 jina la Ngao ya Hisani likaondolewa, ukaitwa mchezo wa Ngao ya Jamii. Wa kwanza kuchukua ngao yenye jina jipya walikuwa Arsenal, walioifunga Liverpool bao moja la Gilberto Silva, tarehe 11 Agosti 2002, katika uwanja wa Cardiff, kwa kuwa Wembley ilikuwa ikijengwa upya.

Hebu tulipime jambo hilo. Haikusemwa kwamba fedha ziliibwa. Kosa lilikuwa kutosema na kuchelewa. Wala aliyekosa hakuwa kamati ya kijijini isiyo na karani, bali chama cha mpira kikongwe kuliko vyote duniani, chenye wanasheria na wakaguzi wa hesabu. Kama wao waliteleza hapo, yule mzee wetu aliyeinuka mkutanoni hakuwa mkorofi, kama baadhi ya vijana walivyonong'ona. Sisi waandishi wa kijitabu hiki tulikuwa miongoni mwa walionong'ona, na tunamwomba radhi.

Mchezo wenyewe haukufa kwa kubadilishwa jina, na wahitaji hawakusahauliwa. Utaratibu ulioandikwa baadaye ni kwamba mapato ya mlangoni na ya vijitabu vya mchezo hugawiwa klabu 124 zilizocheza Kombe la FA kuanzia mzunguko wa kwanza, na kila klabu huchagua shirika la hisani la kwao la kulipa. Kinachobaki huenda kwa mashirika yanayoshirikiana na FA. Kwa njia hiyo fedha za Wembley hufika hata katika miji midogo. Na ile desturi ya 1912 ilionekana tena mwaka 2017. Tarehe 14 Juni mwaka huo jengo refu la Grenfell jijini London liliteketea kwa moto, wakafa watu 72, wengi wao wakiwa wapangaji wa kipato kidogo. Tarehe 6 Agosti Arsenal na Chelsea walicheza ngao, ikawa 1 kwa 1, Arsenal wakashinda kwa penalti 4 kwa 1, na mapato yakaelekezwa kwa waliofikwa na moto ule. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, mchezo ulichezwa bila mtazamaji hata mmoja, na siku hiyo hiyo ya tarehe 29 Agosti wanawake nao walicheza ngao yao iliyokuwa imesimama tangu 2008. Chelsea waliishinda Manchester City 2 kwa bila.

Jirani zetu wa Tanzania wamelichukua jina hilo hilo la Ngao ya Jamii kwa mchezo wao wa kufungua msimu. Tarehe 13 Agosti 2023, katika uwanja wa Mkwakwani mjini Tanga, Simba na Yanga hawakufungana, na mlinda mlango wa Simba, Ally Salim, akazuia penalti tatu. Simba wakashinda 3 kwa 1. Wanachama wenye jamaa Tanga watakuwa wamesikia kelele za siku ile.

Kwetu Kenya, mpira na vyama vya kusaidiana ni ndugu wa siku nyingi. Luo Union, chama kilichoshughulikia mambo ya watu wake mijini, kilikuwa na timu iliyochukua ubingwa wa ligi mwaka 1964. Mwaka huo huo vilabu kadhaa vya Waluhya viliungana vikawa klabu ile ambayo baadaye iliitwa AFC Leopards. Gor Mahia ikafuata mwaka 1968. Serikali ilipoagiza mwaka 1980 kwamba majina ya makabila yaondolewe, Luo Union ikawa Re-Union, nao Waluhya wakaifanya AFC kuwa kifupi cha maneno mengine. Watu wa makamo kati yetu wanakumbuka jinsi nauli ya kusafirisha maiti ilivyochangwa siku ya mchezo, kofia ikipita safu kwa safu, na jinsi aliyeipitisha alivyochaguliwa kwa makini, mtu mzima mwenye familia inayojulikana.

Kofia ilitosha watu walipokuwa mia mbili na wote wanajuana. Kwa uwanja wenye watu elfu haitoshi, na hilo halina uhusiano na uaminifu wa mshika kofia. Kwa hiyo halmashauri italirudisha lile shauri katika mkutano ujao likiwa na nyongeza hizi: tiketi zichapwe zikiwa na namba, na zile zisizouzwa zirudishwe mbele ya wazee wawili, juu ya kila tiketi iandikwe ni shilingi ngapi zinazokwenda katika mfuko na ni mfuko upi, gharama za uwanja, mwamuzi na chakula cha wachezaji zitajwe kabla ya siku ya mchezo, na fedha ziwe zimekwisha kulipwa shuleni kabla ya muhula kufunguliwa. Kama timu zitatoka sare, vijana wanataka penalti. Wazee watatu wameomba kombe likae miezi sita kila upande, na jambo hilo halijakatwa.

Hesabu za chama za mwaka huu ziko katika ukurasa unaofuata.